Mfumo wa wakati halisi upimwe kwa wastani au kwa siku yake mbaya kabisa?

Fundi Sumaku: Wanajamvi, mtu akileta ripoti ya mfumo wa wakati halisi wenye kompyuta kadhaa zinazowasiliana, akajivunia kwamba wastani wa muda wa kujibu ni milisekunde 4, mimi naona ripoti haijaanza. Kila kazi ina ukomo wake wa muda, na jibu sahihi lililochelewa ni jibu lililokosewa. Wapenda wastani ni wavivu wa hesabu.

Mzee wa Seva: Hilo la uvivu limenigusa. Ukikadiria hali mbaya kabisa kwa vichakataji vya leo, utapata namba kubwa mno, na utanunua mashine ambazo zitalala tu. Hata chombo cha Wamarekani kilichotua Mars mwaka 1997 kilikuwa kikijizima kwa sababu kompyuta yake ilikuwa dhaifu. Wangeweka kubwa, yangekwisha.

Binti Saa: Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umeteleza. Katika chombo hicho, Mars Pathfinder, kazi ya kusimamia njia ya data, yenye kipaumbele cha juu, ilikuwa ikisubiri kufuli lililoshikwa na kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, na hiyo nayo ikakatizwa na kazi ya mawasiliano, iliyo katikati. Ni kama mama anayesubiri ufunguo wa stoo alio nao mtoto, na mtoto amezuiwa mlangoni na jirani mwenye maongezi marefu. Ukomo ulipopita, kompyuta ikajiwasha upya. Wahandisi walibadili mpangilio mmoja tu, mtoto akarithi kipaumbele cha mama. Dalili zilikwisha kuonekana mara moja moja kwenye majaribio kabla ya safari, zikapuuzwa.

Mzee wa Seva: Marahaba. Kwangu jirani wa namna hiyo angeambiwa apishe. Na hilo ndilo nililosema: kosa ni la mpangilio.

Fundi Sumaku: Ulisema udhaifu, mzee. Maandishi yako yapo hapo juu.

Kibarua wa Mtandao: Mmeng'ang'ania stoo, na Patriot ya Dhahran, mtambo wa Wamarekani wa kudungua makombora huko Saudi Arabia, mmeisahau. Tarehe 25 Februari 1991 mtambo ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo, na kosa dogo la kuhesabu sehemu za kumi za sekunde lilikuwa limejikusanya hadi kufikia sekunde 0.34. Scud, kombora la Iraq lililokuwa likija, huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde, kwa hiyo rada ilitazama mahali pasipo na kombora. Askari 28 walikufa, na programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake. Hapo wastani wenu na siku mbaya yenu vingesaidia nini, kama jaribio lenyewe ni fupi?

Mzee wa Seva: Hiyo ni saa iliyopotoka, wala si utendaji. Usitutoe kwenye mada.

Binti Saa: Mashine zinazogawana kazi zisipokubaliana saa ngapi sasa, mzee, ukomo utaupima kwa nini? Hebu tuambie, seva zako ulizijaribu kwa muda gani?

Mzee wa Seva: Dakika 40. Lakini mzigo ulikuwa mzito.