Mjadala: Mwalimu wa jimu amwambie anayemeza steroidi aongeze mbio, au akae kimya?

Kirungu (anafungua mjadala)
Wakuu, kwenye jimu za hapa Dar, Sinza mpaka Mbagala, kuna ushauri unaozunguka: kama unameza vidonge vya kutunisha misuli, ongeza mbio, ini litajisafisha. Wapo wanaotaka walimu wautoe waziwazi kwa sababu watu watameza tu. Wengine wanasema huko ni kuwapa watu kibali. Mimi niko na hawa wa pili, na hoja yangu haihusu maadili.

Vidonge kama methandienoni, stanozololi na oksimetoloni vimeongezewa kipande cha kemikali kwenye kaboni ya 17 ya molekuli yake ili ini lishindwe kuvivunja vinapotoka utumboni. Bila hicho kipande vingeishia hapohapo kwenye ini. Kwa hiyo kinachovifanya vifanye kazi ndicho kinachoumiza. Dhara lake linalojulikana zaidi ni nyongo kukwama ndani ya seli za ini. Mtu anawashwa mwili mzima, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama kahawa, choo kinapauka. Mara nyingi hutokea ndani ya miezi 1 hadi 4 tangu aanze. Hapo hakuna mbio za kuzibua kitu. Anaacha vidonge, anaenda hospitali, na manjano yanaweza kukaa wiki kadhaa hata miezi.

Mbiombio
Mkuu, umeshika dhara moja ukayaacha mengine. Steroidi huongeza pia sumu za oksijeni ndani ya seli, huchosha mitokondria, yale majiko ya nishati ya seli, na hushusha HDL, ile kolesteroli nzuri. Huko mazoezi ya aerobiki yana kazi. Dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka au kukimbia polepole hupunguza mafuta kwenye ini hata kama mizani haijashuka, na hili limeonekana kwa binadamu. Misuli inayofanya kazi inachoma mafuta yale ambayo yangepelekwa kwenye ini, na insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa panya waliopewa steroidi huku wakikimbizwa au kuogeleshwa, baadhi ya majaribio yameonyesha kinga ya seli za ini ikipanda.

Kirungu
Baadhi, umesema vizuri. Mengine hayakuonyesha nafuu. Halafu majaribio mengi ya panya yametumia nandroloni ya sindano, ambayo haina hicho kipande cha kaboni ya 17. Huwezi kuchukua majibu ya sindano ukampa mtu wa vidonge.

Bi Kipimo
Naomba niingie kwenye vipimo, maana hapo ndipo watu wanapotapeliwa na karatasi. ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu kuangalia ini, hazitoki kwenye ini peke yake, zimo pia kwenye misuli. Mtu akibeba vyuma vizito Jumatatu akapima Jumatano, zinaweza kupanda hata kama ini lake ni zima. Apumzike vyuma siku 7 ndipo apime, na aombe GGT (kimeng'enya cha ini), bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) na CK (kimeng'enya cha misuli) pamoja. CK ikiwa juu huku GGT na bilirubini zikiwa za kawaida, mshukiwa wa kwanza ni misuli. GGT au bilirubini ikipanda, angalia ini.

Upande wa pili ni mbaya zaidi: uvimbe wa ini, na vile vifuko vya damu vinavyoota ndani yake, vinaweza kuwepo huku vimeng'enya vikiwa karibu na kawaida. Vikipasuka, damu inavujia tumboni. Kwa hiyo aliyetumia muda mrefu apige na ultrasaundi. Na kama kuna sindano au kichupa cha kuchangia, apime homa ya ini B na C kabla ya kubishana kuhusu mbio.

Jasho la Pwani
Mnasema "kimbia" kama vile Dar ina baridi. Kuna watu wanajifunga nailoni tumboni na kukimbia saa 7 mchana Februari ili "wakate tumbo". Joto la mwili likipita kiasi, hilo lenyewe linaua seli za ini, achilia mbali figo. Kimbia saa 12 asubuhi, Coco Beach au popote penye upepo, kwa kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima ila huwezi kuimba. Kwa mtu wa miaka 30 ni kama mapigo 114 hadi 133 kwa dakika. Dakika 30, siku 5.

Na moyo msiusahau. Testosteroni, homoni ya kiume ambayo dawa hizi huiiga, huifanya damu iwe nzito. Hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita 54%, madaktari husimamisha hata tiba ya testosteroni. Mtu wa namna hiyo asishindane na yeyote barabarani kabla hajaonwa.

Mgeni wa Tabata
Je, mtu aliyeandikiwa prednisoloni kwa ajili ya pumu, haya yanamhusu?

Bi Kipimo
Hapana, hiyo ni familia nyingine ya steroidi, haijengi misuli. Ikitumika muda mrefu inajaza mafuta kwenye ini, na hapo kutembea kunasaidia kweli. Ila asiiache ghafla akiwa ameitumia zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zake za juu ya figo, zinazotengeneza homoni ya namna hiyo, zitakuwa zimelala. Daktari ndiye anayeishusha kidogokidogo. Wanaomeza deksamethasoni, ya familia hiyohiyo ya prednisoloni, kwa siri ili wanenepe nao wamo humu.

Mbiombio
Basi tubandike tangazo ukutani: mbio hupunguza mafuta kwenye ini, hazizuii nyongo kukwama, ukiona manjano acha leo. Hilo nalo ni kibali?

Kirungu
Kwa mpangilio huo, hapana. Ila anza na manjano, mbio ziwe mstari wa mwisho. Na mwalimu anayeuza vidonge hivyo chini ya kaunta asiguse hilo tangazo. Hizo ni dawa za kuandikiwa na daktari, na yeye hana cheti wala kipimo cha mteja wake.

Mbiombio
Kwenye mpangilio bado nakupinga. Mtu wa vyuma akisoma neno manjano kwanza, haendelei kusoma.