Naomba ushauri: dashibodi inasema km 10 kwa lita, pampu inasema 8

Wakuu, nina gari la spoti la Kijapani, cc 2000, turbo, gia za mkono (manual). Dashibodi inaonyesha wastani wa km 10 kwa lita. Juzi nilijaza tenki mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikatembea km 336, nikajaza tena: zikaingia lita 42. Hiyo ni 8 tu!

Aliyeniuzia alitoa rimu za inchi 17 akaweka za 18. Zinaweza kuvuruga hesabu ya kilomita? Halafu wastani huo wa dashibodi sijawahi kuurudisha sifuri tangu ninunue, labda bado umebeba safari zake za barabara kuu (mimi ni foleni ya Kimara kila asubuhi, na mguu wangu mzito, nakiri). Niamini kipi?