MINTARAFU: Binti yangu na somo la saikolojia

Kutoka: Mzazi, Columbus, Ohio

Assalaam alaikum ndugu zangu wa Mombasa, mlio nyumbani na mlio ughaibuni.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na anaingia mwaka wa tatu wa shule ya upili hapa Marekani. Ameletewa fomu ya kuchagua masomo, naye ametia alama kwenye saikolojia. Sisi tuliosoma Mombasa hatukuwa na somo hili katika shule za upili. Tulilisikia kwa waliokwenda vyuo vya ualimu. Mama yangu, aliye Kibokoni, alipoelezwa kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mjukuu wake anakwenda kusomea wazimu, nami sikuwa na jibu la kumpa. Naomba mwenye kulijua anieleze watoto hufundishwa nini hasa, lina faida gani, na kama lipo jambo la kuchunga kwa mtoto wa Kiislamu aliyelelewa kwa mila zetu. Fomu inatakiwa Ijumaa.

*

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Tudor, Mombasa

Wa alaikumu salaam dada yangu.

Nililifundisha somo hili miaka tisa katika shule ya upili huko Marekani kabla ya kurudi nyumbani, kwa hivyo niwie radhi nikijibu kwa kirefu. Swali la mama nimelisikia kwa wazazi wengi na linastahili jibu la heshima.

Mwambie kwamba maradhi ya akili ni sehemu tu ya somo. Ikiwa shule yenu inatoa kozi ya AP Psychology, yaani saikolojia ya kiwango cha chuo kikuu inayosomwa katika shule ya upili, na ambayo husimamiwa na College Board, shirika la mitihani la Marekani, basi tangu mwaka wa masomo wa 2024–2025 imepangwa katika sehemu tano: ubongo na mwili (pamoja na usingizi na milango ya fahamu), kumbukumbu na fikra, makuzi na jinsi mtu anavyojifunza, mtu katika jamii na haiba yake, na mwisho afya ya akili na ya mwili. Mtihani hufanywa mwezi wa Mei, una maswali 75 ya kuchagua jibu na mawili ya kuandika, na alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi somo hilo akipata 3 au zaidi, lakini kila chuo kina sharti lake, kwa hivyo ulizeni mapema. Kozi ya kawaida isiyo ya AP hupita njia hiyohiyo kwa wepesi zaidi.

Lakini orodha ya mada haikuonyeshi kiini cha somo. Jambo ambalo mtoto hufundishwa tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho ni kupima maneno kabla ya kuyakubali. Tuseme msimu wa maembe umefika Mombasa na maradhi ya macho mekundu nayo yameenea mitaani. Mtu aliyeketi barazani anaweza kusema maembe ndiyo yanayoleta macho mekundu, na ushahidi anao, kwa sababu ameviona vyote viwili pamoja. Mwanafunzi wa saikolojia hufundishwa kuuliza kama lipo jambo la tatu lililoleta yote mawili, na ni jaribio gani lingeweza kutenganisha sababu na sadfa: nani wapewe maembe, nani wasipewe, wagawanywe kwa bahati nasibu au vipi. Nikiwaona vijana wetu wanavyopokea ujumbe wa kila aina kwenye simu na kuusambaza kabla hawajaumaliza kuusoma, naona kwamba hilo pekee latosha kumpeleka mtoto katika darasa hili.

Sehemu niliyopenda zaidi kuifundisha ni kumbukumbu. Likizo moja mwanangu, aliyekuwa amemaliza somo hili, aliketi barazani na nyanya yake huko Mji wa Kale akamsomea maneno kumi na tano, vyote vitu vya kununua Marikiti: nazi, bizari, ukwaju, mchele, iliki, unga, na kadhalika. Kisha akamwomba ayarudie. Nyanya alifumba macho, akaivuta leso yake begani, akataja kumi na manne, wala hakufuata mpangilio aliosomewa. Alianza na vya pilau, akaja kwenye vya mchuzi wa nazi, akamalizia na vya kaimati. Alilosahau ni kiberiti, ambacho hakikuwa na chungu cha kuingia. Mwanangu mwenyewe alikuwa ameweza tisa. Hapo akamweleza nyanya yake kwamba mwaka wa 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kuwa akili hushika kwa muda mfupi vitu kama saba, kuzidi au kupungua viwili, isipokuwa mtu akivifunga katika mafungu. Nyanya akajibu kwamba hakuna anayekwenda sokoni na vitu kumi na tano; mtu huenda na vyungu vitatu.

Kabla ya Miller alikuwapo Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka wa 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana. Aliona kwamba mtu husahau zaidi katika saa za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kukariri kwa mkupuo mmoja. Walimu wetu wa chuo cha Qur'ani waliotulazimisha kudurusu kila asubuhi tuliyohifadhi jana na juzi walikuwa wakifanya hivyo bila ya kumsoma Ebbinghaus. Binti yako akilielewa hili mwezi wa Septemba, litamsaidia hata katika kemia na hesabu.

Atajifunza pia kwamba kumbukumbu huchafuka. Mwaka wa 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Walioulizwa kwa neno zito walikadiria mwendo mkubwa zaidi. Wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika, na katika kundi la neno zito 16 kati ya 50 walisema ndiyo, dhidi ya 7 kati ya 50 katika kundi lile jingine, ilhali vioo vilivyovunjika havikuwamo. Wanafunzi wangu walitulia sana siku hiyo, kwa sababu kila mmoja alikumbuka ugomvi wa nyumbani ambao ndugu wawili waliusimulia kwa namna mbili, na wote walikuwa wakweli.

Kuhusu mila zetu, nakuomba usiogope, bali uwe macho. Sehemu kubwa ya utafiti ulio vitabuni ulifanywa kwa Wazungu na Wamarekani. Mwaka wa 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake wawili walilipigia kengele jambo hili, wakanukuu hesabu kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Mtoto wako ana haki ya kuuliza darasani, kwa adabu, "Waliochunguzwa walikuwa akina nani?" Walimu wazuri hulipenda swali hilo.

Mweleze pia kwamba Afrika Mashariki imo katika somo hili. Mary Ainsworth, ambaye jina lake atalikuta katika sura ya mapenzi ya mtoto na mama, alifika Uganda mwaka wa 1954 na akawa akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao. Huko ndiko alikoona jinsi mtoto anavyomfanya mama kuwa ngome yake, akitambaa kwenda kuchungua kisha akirudi. Jaribio lake mashuhuri la Baltimore, Marekani, la kuona mtoto hufanyaje mama akitoka chumbani na kurudi, lilikuja baadaye. Na hapa Kenya, mtafiti Charles Super alichapisha mwaka wa 1976 utafiti wake wa kijiji cha Kokwet kwa Wakipsigis: watoto wa pale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini hawakuwatangulia katika kutambaa. Sababu ni kwamba mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea, wala hawakuwafundisha kutambaa. Muulize mama kama hakukukalisha wewe katikati ya mito ya kitandani.

Sasa tahadhari. Sura ya maradhi ya akili ikifika, vijana wengi huanza kuyaona kwa kila mtu. Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda nyumbani akamwambia dadake, mbele ya wageni, kwamba ana ugonjwa fulani, na ilichukua wiki nyingi wale wawili kupatana. Tangu hapo niliwaambia wanafunzi wangu kabla ya kufungua sura hiyo kwamba daktari hamwiti mtu mgonjwa wa huzuni kuu (sonona) mpaka aone dalili tano au zaidi kati ya tisa, kwa muda usiopungua wiki mbili, na zimemharibia maisha yake. Nao si madaktari. Kwa upande mwingine, usimnyamazishe binti yako akisema kwamba yeye mwenyewe hana raha. Sisi watu wa Pwani hulipeleka jambo hilo haraka kwenye pepo au kijicho, na dua tusiiache, lakini mtoto apelekwe pia kwa mshauri wa shule au daktari. Marekani ipo nambari ya dharura, 988, iliyoanza Julai 2022, kwa yeyote anayefikiria kujidhuru. Iandikeni kwenye friji.

Kuhusu dini, somo halimwambii mtoto aamini nini. Sura za makuzi hutaja balehe na jinsia, na ningekushauri uzisome pamoja naye kabla ya mwalimu kuzifikia, ili mazungumzo yaanzie kwako.

*

Kutoka: Baba wa watoto watatu, London

Namshukuru mwalimu. Niongeze kwa walio Uingereza kwamba huku wengi hulichagua somo hili katika A-Level, yaani masomo ya mwisho kabla ya chuo kikuu, baada ya kufikia miaka kumi na sita, na huchukua miaka miwili. Mwanangu alidhani ni somo la mazungumzo, akashtuka kukuta takwimu nyingi. Asiyependa kabisa hesabu aambiwe mapema. Pia watasoma majaribio ya Stanley Milgram, yaliyochapishwa 1963, ambamo watu 26 kati ya 40 walikubali kubonyeza swichi za kumpiga umeme mtu aliye chumba cha pili, hadi volti 450, kwa kuwa tu aliyevaa koti la mtafiti aliwaambia waendelee. Umeme haukuwapo na mtu huyo alikuwa akiigiza, lakini wao hawakujua. Mwanangu hakulala vizuri usiku ule, na tulizungumza mpaka saa sita kuhusu kutii na kukataa.

*

Kutoka: Mzazi, Columbus, Ohio

Mwalimu, na wewe kaka yangu wa London, Mwenyezi Mungu awalipe. Fomu nimeitia sahihi jana usiku. Kitabu cha somo kinaazimwa bure shuleni, kwa hivyo nimemwomba binti alete mapema ili nami nizisome zile sura za makuzi. Mama nimempigia leo alfajiri. Amesema mito ilikuwa mitatu, mmoja nyuma na miwili ubavuni, na kwamba nilikaa nikiwa na miezi mitano. Sasa anataka asomewe maneno kumi na tano na mjukuu wake Jumapili, na ameomba yasiwe ya Kiingereza.