Baba yake ana baipola, mtoto wa miaka mitano ana hasira za kutisha, ndo mwanzo?

MamaWawili
Jamani habarini, naombeni mawazo hasa kwa wenye uzoefu. Mume wangu ana baipola (ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana na kushuka sana), anatumia dawa na sasa hivi yuko vizuri tu. Shida ni kijana wetu wa miaka mitano. Ukimwambia katuni basi, hapo kimenuka, anajitupa chini, anarusha viatu, anampiga dada yake, anapiga makelele mpaka sauti inakauka, halafu akishamaliza anakuja kunikumbatia utadhani hakuna kilichotokea. Shuleni mwalimu ananiambia ni mtoto mtulivu kabisa, hapo ndo nachanganyikiwa zaidi. Mama mkwe kila akiona anasema "huyo kamrithi babake" na mie moyo unanilipuka paa. Je ndo mwanzo wenyewe? Nimpeleke akaanzishiwe dawa kabla haijakomaa?

mzee_wa_kazi
Kadekezwa tu huyo. Fimbo mbili anapona.

NesiWaZamu
Mzee hapana. Mtoto ambaye hasira zimeshampanda ukimchapa unamwongezea na hofu juu yake, atanyamaza sawa, ila kujituliza hajajifunza, kajifunza kukuogopa wewe.

Dada, mimi nafanya kazi na watoto wenye shida za afya ya akili. Hilo la kurithi lipo ila watu wanalikuza. Kwa watu kwa ujumla baipola inampata kama mtu 1 au 2 katika kila 100. Mzazi mmoja akiwa nayo, kwa mtoto inapanda mpaka kama 5 hadi 10 kwa 100, kwa hiyo imepanda kweli lakini ona wanaobaki salama ni wengi kiasi gani. Na hao wanaoipata kwa kawaida inajitokeza mwishoni mwa utineja au miaka ya ishirini na kitu, kwa miaka mitano ni nadra mno.

Halafu kulipuka kwa ajili ya katuni sio mania, yaani kule kupanda kwa baipola. Mania ni kipindi, vigezo vya madaktari vinataka angalau wiki nzima, mtu anabadilika mpaka mnasema huyu siye, analala kidogo sana na asubuhi hana hata uchovu, maneno hayakatiki, anajiona hakuna kinachomshinda. Mwanao kinachomlipua unakiona kwa macho, na akitulia anarudi kuwa yeye yuleyule. Marekani waliwahi kunasa hapo hapo, miaka ya 1990 kuja 2000 watoto wa hasira za kila siku walikuwa wanaandikiwa baipola kwa wingi na dawa nzito juu, walipokuja kuwafuatilia wakaona wengi wakikua wanapata sonona na wasiwasi, sio baipola. Ndo maana mwaka 2013 kitabu chao cha vigezo vya magonjwa ya akili, DSM-5, kikawatengea watoto wa hivyo jina lao la ugonjwa, na hata hilo mtoto hapewi kabla ya miaka 6.

Kuhusu shule usichanganyikiwe, watoto wengi wanajibana kutwa nzima wakifika kwa mama ndo wanafungulia.

BabaMapacha
Mimi ninayo hiyo baipola mwenyewe na watoto nimeshawakuza, naongea kama mzazi tu. Usimwambie "dakika tano zimebaki", hana saa kichwani huyo, mwambie "hii ikiisha tunazima, tunaenda kuoga" na kila siku iwe hivyohivyo. Akishalipuka punguza maneno, mtoe dada yake pale, kaa chini karibu naye na sauti yako iwe ya chini kuliko yake, yeye bado hajui kutulia peke yake anaazima utulivu wako kwanza. Katuni usimrudishie hata alie vipi, maana akipata mara moja kesho atalia zaidi. Mambo ya "ulikasirika eeh, ila kumpiga dada hapana" ngoja mpaka ametulia kabisa, kabla ya hapo hakusikii.

Na mumeo aendelee na matibabu yake jamani, hiyo nayo ni kinga ya mtoto. Kwangu mimi nikianza kuchafuka, watoto nao walikuwa wanachafuka, kwa hiyo tulikubaliana nikiwa mzima kwamba mke wangu akiona silali, ana ruhusa ya kumpigia daktari bila kuniuliza.

MamaWawili
Asanteni sana, nimepumua. Kweli usingizi wake mbovu, kila siku saa tofauti, na akilala vibaya kesho yake ndo vurugu zaidi. Kwa hiyo dawa bado? Na nini hasa nikiona nisisubiri? Na mume wangu anaogopa kumwambia mtoto kwamba anaumwa, mnasemaje.

NesiWaZamu
Kwa ulichoeleza dawa bado, kwa umri huo tunaanza na mafunzo kwa wazazi. Anza na usingizi, saa ya kulala na ya kuamka zisiyumbe hata wikiendi. Uwe na kadaftari, alilalaje, nini kilimlipua, alitulia baada ya muda gani, hiyo itamsaidia daktari kuliko "ana hasira sana". Usisubiri akianza kujiumiza, akiongelea kufa, vurugu zikihamia na shuleni, au akipitisha siku kadhaa halali na bado ana nguvu za ajabu. Wasiwasi mwingi na usingizi mbovu ndo huwa vinatangulia kwa baadhi ya watoto wa wazazi wenye baipola, ila viko pia kwa watoto kibao wasio na lolote, so vifuatilie bila kupaniki. Na daktari yeyote atakayemwona, sasa au akiwa mkubwa, aambiwe habari ya baba, maana dawa za sonona zinaweza kumpandisha mania mtu mwenye asili ya baipola na zinahitaji kuangaliwa kwa karibu.

BabaMapacha
Amwambie tu. "Baba ana ugonjwa, wakati mwingine hisia zake zinakuwa kubwa kupita kiasi, anakunywa dawa, na sio wewe uliyesababisha." Kwa miaka mitano inatosha, akitaka zaidi atauliza. Hicho kipande cha mwisho asikiruke, watoto usipowaambia wanajibebesha lawama wenyewe.

Na maneno ya bibi mtoto anayasikia, mnajua. Hapo mumeo ndo akaongee na mama yake, wewe usithubutu.