Naomba ushauri: niendelee na kolistini kwa vifaranga, au nihamie dawa ya peptidi "isiyozoeleka"?

Mleta uzi
Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafuga kuku wa nyama na wiki ijayo ninapokea vifaranga. Kwenye duka la pembejeo nimekuwa nikishauriwa kuwawekea kolistini, dawa ya kuua bakteria, katika maji tangu siku ya kwanza, wawe wagonjwa au wazima, ili "kuwasafisha tumbo". Safari hii muuzaji ananishawishi nichukue bidhaa nyingine, ya bei ya juu zaidi, ambayo anasema ina peptidi (vipande vifupi vya protini) zinazofanana na zile ambazo mwili wenyewe huzitengeneza kupambana na vijidudu, na kwamba bakteria hawawezi kuzizoea kamwe. Mwanangu aliyeko chuoni anasema zote mbili zinaweza kuleta usugu, yaani bakteria wasiuawe tena na dawa. Nimsikilize nani?

Fundi sanifu maabara
Ndugu mleta uzi, msikilize mwanao. Ambalo muuzaji hakukueleza ni kwamba kolistini yenyewe ni peptidi, tena hutengenezwa na bakteria wa udongoni. Ina chaji chanya, ilhali utando wa nje wa bakteria kama E. coli na Salmonella una chaji hasi. Kwa hiyo dawa huvutwa na utando huo, huung'ang'ania na kuuvuruga mpaka yaliyomo ndani yavuje. Bakteria sugu hubandika kemikali ndogo kwenye mafuta ya utando wake, chaji hasi ikapungua, na dawa ikakosa pa kushika.

Kwa miaka mingi usugu huu ulijulikana kutokana na mabadiliko ya jeni za bakteria mwenyewe, ambayo hubaki katika uzao wake. Mwishoni mwa 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, waliyoikuta kwa nguruwe, katika nyama ya buchani na kwa wagonjwa hospitalini. Jeni hiyo ilikuwa kwenye plasmidi, yaani kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwingine hata kama si wa jamii yake. China iliacha kuruhusu kolistini kama kikuzaji (cha kuharakisha ukuaji) katika chakula cha mifugo mwaka 2017.

Kuhusu neno "kamwe", Michael Zasloff, aliyegundua peptidi za magainini katika ngozi ya chura mwaka 1987, naye aliwahi kuandika kuwa usugu dhidi ya peptidi za aina hii hauelekei kutokea kwa urahisi. Mwanabiolojia Graham Bell alitilia shaka, yeye na Zasloff wakaamua kulipima jambo hilo pamoja na mtafiti Gabriel Perron. Walikuza bakteria kwa vizazi 600 hadi 700 huku wakipandisha kipimo cha peptidi iliyotokana na magainini, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006, makundi 22 kati ya 24 yalikuwa yamepata usugu. Binafsi namheshimu sana Zasloff kwa kuweka jina lake kwenye jaribio lililompinga.

Mfugaji mwenzenu
Naheshimu maelezo ya maabara, lakini mimi nikiacha kolistini vifaranga hufa wiki ya kwanza. Hasara hiyo atanilipa nani?

Daktari wa mifugo
Swali lako ni la haki, ila kabla ya dawa tuulize wanakufa kwa nini. Kifaranga wa siku moja mgeuze utazame kitovu: kikiwa kibichi, chekundu au kinanuka, tatizo limetoka kwenye mashine ya kutotolea, na malalamiko yako yaende kwa aliyekuuzia. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema kwa midomo wazi, joto limezidi. Hakuna kolistini inayotibu baridi, wala haigusi virusi au vimelea vya koksidia.

Dawa hii ikinyweshwa hubaki tumboni, kwa kuwa ni kidogo mno inayoingia katika damu. Maana yake kila E. coli wa utumbo, hata asiye na madhara, hukutana nayo. Hufa aliye dhaifu, hubaki sugu, kisha hutoka na samadi kwenda bustanini kwako. Na hiyo ndiyo dawa ambayo hospitali huikimbilia nyingine zinaposhindwa, ingawa madaktari walikuwa wameiweka kando miaka ya 1970 kwa kudhuru figo. Pia watafiti wameonyesha kuwa E. coli mwenye mcr-1 huhimili vizuri zaidi peptidi za kinga za kuku, nguruwe na hata binadamu.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Je, hiyo bidhaa mpya niiache kabisa?

Daktari wa mifugo
Isipokuwa na namba ya usajili, iache. Ikiwa imesajiliwa, bado usiwape vifaranga wazima kama kinga. Pasha banda joto kabla hawajafika, badilisha maranda, osha vyombo vya maji kila siku na ufuate ratiba ya chanjo. Vifo vikitokea, peleka mizoga siku hiyohiyo kwenye maabara ya mifugo, ikiwa juu ya barafu lakini isigandishwe, na uombe wapime ni dawa ipi bado inamuua bakteria watakayemkuta. Jibu huchukua siku chache, kwa hiyo mwone mtaalamu wa mifugo wa kata yako mapema, akuelekeze matibabu ya kuanzia wakati mnasubiri.