Bendi yetu ya surf inavunjika hapa Dodoma. Nibadili mtindo au niuze vyombo?

Wakuu, heshima kwenu.

Tuko wanne, tunapiga surf, ule muziki wa magitaa wa vijana wa Marekani wa kuteleza mawimbini: magitaa mawili, besi na dramu, hakuna mwimbaji. Mwanzoni tulitamba. Wanachuo wa UDOM walikuwa wanajaa mpaka mwenye ukumbi mmoja Area C akatupa kila Ijumaa. Sasa kaleta DJ wa singeli, sisi katusogeza Jumatano, malipo chipsi na soda. Eti wateja wanataka kuimba. Mpiga besi kashahamia Dar kwenye bendi ya dansi, na mwenzangu wa gitaa anataka tutafute mwimbaji tupige kopi za Bongo Fleva.

Amplifaya ni yangu, ile ya mwangwi wa springi; ukiigonga ubavuni inanguruma kama radi ya Desemba. Niuze?

Kavumbi: Surf Dodoma? Mnateleza bwawa la Hombolo au?

Nyuzi Sita: Kavumbi, acha hizo. Hata bendi za surf za Marekani, The Trashmen walitoka Minneapolis, The Astronauts walitoka Boulder, Colorado, huko milimani. Bahari wote hawana. Trashmen na "Surfin' Bird" walifika namba 4 kwenye chati ya Billboard mwanzoni mwa 1964. Februari hiyohiyo Beatles wakatua Marekani, na vijana wakahamia kwa waimbaji. Mleta uzi, ndiyo hayo yanayokukuta. Ila Astronauts walipata soko kubwa Japani, na kilichowafikisha ni santuri. Nyie mmerekodi?

Bibi Mizabibu: Wanangu, mwanamuziki Patrick Balisidya alikuwa mtu wa hapahapa, wa Mvumi. Na bendi yake ya Afro 70 akafika FESTAC, lile tamasha la sanaa za Waafrika, Lagos, 1977. Gitaa alilijua kwelikweli, na bado aliimba. Mwimbaji si aibu, mwanangu. Aibu ni kulipwa chipsi. Mwambie huyo mwenye ukumbi mgawane kiingilio, akikataa ondokeni.

Nyuzi Sita: Shikamoo Bibi. Mwimbaji sawa, lakini aimbe nyimbo zenu. Kopi DJ anazo zote, hamtamshinda. Na msiuze kitu kabla ya kurekodi. Mpiga besi apande treni ya SGR Ijumaa, Jumapili arudi. Mkimaliza, sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Mleta uzi: Bibi, shikamoo. Kurekodi bado, tuna video za simu tu, glasi zinasikika kuliko besi. Nimempigia mpiga besi, anasema nauli nilipe mimi.

Kavumbi: Lipa. Na ikishindikana, hiyo amplifaya weka bei, niko Ipagala.