Huyu baba wa kwenye tamthilia ya Kifaransa ndiye Cantona wa mpira kweli?

Binti_Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa naangalia Netflix, ile tamthilia ya 2020, Inhuman Resources. Kuna baba mmoja jina lake Alain Delambre, miaka 57, mwaka wa sita hana ajira ya maana. Msimamizi wake kazini kampiga teke, naye kamjibu kwa kichwa. Mzee wangu alikuwa anapita na kikombe cha chai, akasimama mlangoni akicheka: "Cantona huyo! Hajaacha tu!" Alikuwa mchezaji kweli? Au ndio wale wanaopewa nafasi kwa ajili ya jina?

MzeeWaKola:
Mwanangu, nisalimie baba yako. Huyo ni Eric Cantona, mtoto wa Marseille, kaichezea Ufaransa mechi 45, mabao 20. Novemba 1992 Manchester United walimtoa Leeds kwa pauni milioni 1.2, bei ya kutupa. Misimu mitano, ubingwa wa ligi ya Uingereza mara nne.

Kilichomchekesha mzee ni ya tarehe 25 Januari 1995, ugenini kwa Crystal Palace. Kala kadi nyekundu, anatoka, shabiki akamporomoshea matusi. Jamaa akaruka ubao wa matangazo akamtia teke la kifua. Alihukumiwa wiki mbili jela, rufaa ikageuza kuwa saa 120 za kufundisha watoto mpira. FA, chama cha soka cha Uingereza, nao wakamfungia mpaka mwisho wa Septemba.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo, bado mchezaji. Mei 1997 akatundika daluga, miaka 30 tu (mimi nilinuna wiki nzima), na 1998 tukamwona kwenye filamu ya Elizabeth, kaigiza balozi wa Ufaransa. Pale jina lilimbeba, sibishi. Kiingereza anakitafuna kama karanga mbichi. Lakini tafuta Looking for Eric ya 2009: anamtokea tarishi wa Manchester aliyekata tamaa, anaigiza Cantona na anamcheka Cantona. Asiyejua kuigiza hawezi hiyo.

Halafu angalia bao lake dhidi ya Sunderland, Desemba 1996. Kaudokoa mpira juu ya kipa, wenzake wanakimbia, yeye kasimama palepale. Kola juu, anageuka taratibu, anautazama uwanja mzima. Ule utulivu ndio unaouona kwa Delambre kabla hajalipuka.

Kop_Buguruni:
Mimi wa Liverpool, fainali ya Kombe la FA 1996 aliyotufunga bado inaniuma, dakika za mwisho kabisa! Ila msimsahau Leboeuf, mchezaji mwingine wa Ufaransa, bingwa wa dunia 1998. Kwenye filamu ya The Theory of Everything ni daktari wa Uswisi. Ukipiga chafya umemkosa.

MzeeWaKola:
Pole, mtani. Leboeuf kaonekana, Cantona kaigiza.

Binti_Makorora:
Nimemsomea baba yote. Bao la Sunderland tumeliangalia mara nne. Sasa kakaa kwenye kiti changu, tuko sehemu ya tatu, na kila dakika ananiuliza, "Kasemaje hapo?"